Milamula Niliyoipanda Bila Jirani

Kibeta, Jumapili ya tatu ya Novemba. Mvua.

Ilianza kabla kengele ya kwanza ya kanisani haijalia, na mpaka sasa, saa sita kasoro, haijaamua kama inaondoka au inabaki. Sikwenda ibadani. Mama amepita mlangoni kwangu amevaa kitenge cha umoja wao wa wanawake, akanitazama mikono, akaitazama kompyuta, akasema Mungu naye ana ratiba yake, kisha akafungua mwavuli akaenda. Baba amebaki. Anasema goti linamuuma, lakini nimegundua goti lake huuma zaidi siku ambazo nyumbani kuna habari ya kusikiliza.

Kucha zangu bado zina udongo mwekundu wa Muleba. Nimezisugua kwa mswaki wa zamani na haukutoka wote.

Nina mambo mawili ya kukiri leo. Nayakiri hapa kwa sababu moja kati ya hayo nilijisifia hapa hapa, mbele yenu wote, wiki mbili zilizopita, na mkanipigia makofi.

Kwa aliyeingia leo kwa mara ya kwanza: kazi yangu ni kupanga jinsi ya kurudisha msitu uliovurugwa ili wanyama wake waweze kuishi tena. Watu hudhani ni kupanda miti. Kupanda ni sehemu ya mwisho, na ndiyo rahisi. Kabla ya hapo kuna kutembea, kupima, kuchora, kubishana na kuandika, na mimi kwa kubishana sijambo.

Msitu wenyewe uko juu ya kilima huko Muleba, nyuma ya kijiji ambacho sitakitaja. Kwanza kilikuja kiwanda cha mbao kikala miti yote minene. Kiwanda kilipochoka ikaja kampuni ya kuchimba mawe ya barabara, ikakata kilima katikati. Walipoondoka waliacha shimo, njia pana ya malori, na mikaratusi inayojiotea yenyewe. Kilichobaki ni kipande cha msitu juu kileleni na kipande kingine bondeni kando ya kijito. Kati yao ni hatua kama mia tatu za mahali peupe.

Kileleni wanaishi mbega. Nimewahesabu tisa.

Mbega akiwa juu ya mti hutamani kumtazama siku nzima. Akishuka chini ni mnyama mwingine kabisa, hana mbio wala hana ujanja. Na lazima washuke, maana madume vijana wanatafuta wenzi bondeni, na wa kileleni wakibaki peke yao miaka michache ijayo watakwisha. Septemba jike mmoja alijaribu kuvuka. Mbwa wa Bagenda walimkuta ukingoni mwa shimo. Nilifika saa mbili baadaye na mtoto wake alikuwa bado amemshika manyoya ya tumbo, hai, na kufikia jioni naye hakuwa hai tena.

Bagenda ni mkulima wa upande wa kaskazini wa shimo, zamani alikuwa mshika msumeno wa kile kiwanda, na kidole kimoja alikiacha huko huko. Siku ile nilimwambia maneno ambayo mama yangu hajui kama nayajua.

Kwa hiyo moyo wa mpango wangu ni ushoroba: ukanda wa miti wa hatua hamsini kwa upana, kuunganisha kilele na bonde, ili mbega wapite juu kwa juu bila kugusa ardhi. Misambya, mitoma, na mihumula mingi, ile miti ambayo kule Usambara wanailalamikia kuwa ni wavamizi na huku kwetu ni wenyeji tangu babu wa babu. Hondohondo watatusaidia kusambaza mbegu. Kijiji kilikwishakubali kwa mdomo. Ilibaki mkutano wa kijiji uweke kwenye muhtasari, nami nipeleke mpango.

Sasa tuje kwenye majivuno yangu.

Nilihitaji alama za kuonyesha kingo za ule ukanda, ili anayefyeka asifyeke miche na mbuzi wapitishwe kwingine. Nilipigilia vigingi vya mbao, vikaishia jikoni kwa watu. Nikapigilia vingine, navyo vikaenda. Nikafunga utepe mwekundu kwenye vichaka, na wiki iliyofuata nikaukuta umefunga mlango wa banda la mbuzi, umefungwa vizuri sana.

Ndipo akili ikaniwakia. Milamula! Mmea wa mpaka, ule wa majani marefu unaouona kila kibanja cha Mhaya kinapoishia. Ukichomeka kipande ardhini kinaota. Mbuzi hali, moto wa jikoni hauutaki, ukame hauuwezi. Shangazi yangu wa Kashozi ana ua mzima wa milamula karibu na misheni. Nikakata vipande, nikajaza gari dogo, nikachukua vibarua wawili kutoka Nshambya, huku huku mjini Bukoba, na kwa siku moja tu tukawa tumechomeka kingo zote mbili, kutoka kileleni hadi kijitoni, zimenyooka kama rula.

Nikapanda kilimani, nikapiga picha, nikaiweka hapa na kichwa cha habari: "Alama isiyoibika." Mkasema hongera. Mkasema huyo ndiye mtaalamu anayejua kwao. Na nusu yenu ni Wahaya, mko Dar na Mwanza na wengine mko hapa hapa Hamugembe, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali lililonipasa.

Alhamisi nilikwenda kukagua miche. Nilifika mchana, jua la baada ya mvua, na kabla sijazima pikipiki niliona mbele ya ofisi ya kijiji kuna rundo. Milamula yangu yote. Imeng'olewa mmoja mmoja, imepangwa, mizizi midogo iliyoanza kutoka imeelekezwa upande mmoja. Hakuna aliyekuwepo ofisini. Nikapanda mpaka kwenye ukanda kwa miguu, nikijua miche nayo imekwisha.

Miche yote ilikuwa imesimama. Haikuguswa hata mmoja.

Mtu mwenye akili timamu angekaa chini hapo akajiuliza kwa nini. Mimi nilikaa chini nikatoa simu nikaandika ripoti. Hili ndilo la pili la kukiri. Nilimwandikia bosi wangu, ambaye yuko Mwanza, kwamba wanakijiji wamefanya uharibifu wa makusudi, kwamba ushirikiano ni mdogo, kwamba namshuku mtu mmoja mwenye historia ya uhasama na mradi. Sikulitaja jina la Bagenda lakini nililizunguka kiasi kwamba kipofu angelipapasa. Nikabonyeza kutuma. Mtandao ambao huwa hautoshi kutuma salamu siku hiyo ukapeleka yote kwa dakika moja.

Kisha nikateremka kwa Ma Kokugonza kutafuta wa kunihurumia.

Ma Kokugonza ni mjane, kibanja chake kinapakana na shimo upande wa kusini. Tangu siku ya kwanza yeye ndiye aliyenipokea. Kila nikifika, kabla ya habari yoyote, huleta kikapu kidogo cha mwani, zile kahawa zetu za kutafuna, nachukua mbili tatu, ndipo tunaongea. Nilimkuta anapepeta maharage.

"Wasibota, Ma," nikamwamkia.

Akaitikia. Lakini hakunyanyuka, na kikapu hakikuja. Nikaanza kulalamika, uharibifu, kazi ya siku nzima, nguvu za watu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mwana wange," akasema, "ile milamula ulipanda mbele ya nani?"

Nikamwambia nilikuwa na vibarua.

"Sijauliza nani alibeba. Nauliza mbele ya nani. Sisi huku tulikuwa tunapalilia, tunageuka tunakuta tumekatiwa mpaka." Akaendelea kupepeta. "Na kampuni nao walikuja mchana, hawakuja kama wezi. Walikuja na mawe yao meupe wakayasimamisha, wakasema ni alama tu. Baadaye alama ikawa mpaka. Ta Rwegasira alikwenda baraza la kata mpaka viatu vikaisha, akafa kesi bado. Mimi niling'oa ya upande wangu. Wa upande ule aling'oa ya kwake. Miti yako hatukugusa, tunaitaka."

Ta Rwegasira alikuwa mumewe.

Niliaga. Njia nzima ya kurudi Bukoba nilikuwa naongea peke yangu ndani ya kofia ya pikipiki.

Aibu yangu haitokani na kutojua. Nilijua. Mulamula haupandwi na mtu mmoja. Unaita jirani, mnaita na mwingine wa kushuhudia, mmoja anashika shina, mwingine anafukia, na siku hiyo mpaka umekuwa. Ukipanda peke yako wewe ni mnyang'anyi, hata kama umepanda ndani ya ardhi yako. Kila mtoto wa Kihaya aliyekulia kwenye mgomba anajua, na mimi nina sababu ya kujua kuliko wengi.

Nilikuwa na miaka minane. Niling'oa milamula miwili hapa nyumbani, mpakani na jirani yetu, nikafanya mikuki. Baba alikuwa mwalimu na hakuwa mtu wa fimbo. Alinishika mkono akanipeleka kwa jirani, akamwita kutoka kwenye chai yake, akamwita na mwenye nyumba ya tatu. Wakarudisha ile milamula kwenye mashimo yake yale yale, baba ameshika shina, jirani anafukia, mimi nachota maji nikilia kwa sababu watu wazima watatu wameacha shughuli zao kwa ajili ya vijiti viwili. Mmoja wao uliota umeinama. Nauona kutoka hapa nilipokaa, unachuruzika maji.

Baadaye nikaenda chuoni Morogoro, nikafundishwa jina lake la kitaalamu na jinsi ya kuuotesha, na mahali fulani katikati ya hayo nikasahau ni nini.

Ijumaa asubuhi nilimweleza baba. Aliuliza swali lile lile, neno kwa neno: ulipanda mbele ya nani? Nikasema vibarua wawili wa Nshambya. Akacheka mpaka akakohoa, mama akaja na maji.

"Basi," akasema alipopata pumzi, "umewekeana mpaka na Nshambya."

Sikucheka, maana wakati huo simu yangu ilikuwa imeshaleta jibu la bosi. Bosi ni mtu mzuri na mstaarabu, ila ripoti huzisoma haraka kuliko zinavyoandikwa. Aliandika kwamba anasikitika, na kwamba kuna kilima kingine katika wilaya nyingine ambako kijiji kimeshasaini kila kitu. Akapendekeza tuhamishie mpango huko. Yaani kwa ripoti yangu ya hasira, iliyoandikwa nimekaa kwenye jiwe, mbega tisa walikuwa wamefutwa kwenye karatasi kabla hawajapata kufutwa na mbwa.

Nilimpigia. Nilimwambia naifuta ripoti, kosa ni langu, nikamweleza kosa lenyewe.

"Sasa unataka niandike nini kwa wakubwa?" akauliza. "Kwamba mtaalamu wetu amesahau mila za kwao?"

"Andika hivyo hivyo," nikamwambia.

Nadhani hakutegemea. Akanipa mpaka Jumatatu jioni: muhtasari wa mkutano wa kijiji wenye kibali cha ushoroba, na ramani iliyokamilika. Bila hivyo, kilima kingine. Mkutano ulikuwa umepangwa jana, Jumamosi, tangu mwezi uliopita, kwa hiyo sikuwa hata na nafasi ya kujiandaa vizuri, na labda hiyo ilinisaidia.

Jana basi.

Mvua ilitufukuza uwanjani, tukaingia darasa la tano. Watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mwenyekiti wa kijiji akafungua mkutano. Nilikuwa nimebeba mashine ya kuonyeshea picha ukutani, nikaiacha kwenye mfuko wake. Nilisimama nikaongea Kihaya, maana kwa Kiswahili ningejificha nyuma ya maneno ya ofisini. Nikasema nimepanda mpaka bila jirani. Nikasema nimewaandikia vibaya, nimewaita waharibifu, nikatamka na neno lenyewe. Nikamgeukia Bagenda nikasema, nilimaanisha wewe.

Matone yakaendelea kudondoka kwenye ndoo iliyowekwa chini ya bati linalovuja.

Bagenda akasimama taratibu, dawati likainuka naye.

"Mimi nikiwa na shida na jirani, naenda kwake," akasema. "Mbuzi wake akila mhogo wangu namwita, anaona, tunaongea, yanaisha. Hawa mbega wenu ni wa nani? Wakishuka kwenye maharage yangu nimwite nani? Nimefuga mbwa kwa sababu sina wa kumwita. Kampuni nayo ilituachia namba ya simu. Tulipiga mpaka ikafa."

Mpango wangu una jibu la swali hilo. Ukurasa wa kumi na saba, kamati ya kupokea malalamiko. Nikaanza kuieleza na watu wakacheka, si kwa ubaya, walicheka kama mtu anavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Ma Kokugonza hakucheka. Aliinuka akajifunga kanga vizuri.

"Mulamula una pande mbili," akasema. "Upande wetu tupo. Sisi hatukatai mpaka, tunakataa mpaka wa upande mmoja. Upande ule asimame nani?" Akaninyooshea kidole. "Asimame huyu."

Hapo ndipo darasa lilipolipuka. Jirani wa mbega! Mke wa mbega! Mtu nyuma akauliza kama mahari imelipwa. Hata mwenyekiti alificha uso nyuma ya daftari. Lakini kelele zilipotulia alinitazama kwa makini akauliza kama anayesimama ni mradi au ni mimi. Kwa sababu, akasema, mradi una miaka miwili, na mulamula atakuja kuushika mjukuu.

Niseme ukweli, niliogopa. Mkataba wangu unaisha Juni. Kuna kazi Dodoma ambayo nimeiomba na sijamwambia mtu humu. Na ujirani kwetu si neno la barua: jirani anafika msibani, anafika kwenye harusi, anaitwa akitakiwa na anakuja, asipokuja anahesabiwa. Nilisimama mbele ya ubao wenye hesabu za sehemu ambazo hazijafutwa, nikamfikiria yule mtoto wa Septemba aliyekufa ameshika manyoya ya mama yake, na jinsi nilivyomfokea Bagenda bila kumwachia hata mtu wa kumpigia.

Nikataja jina langu. Nikataja jina la baba yangu na kwamba kwetu ni Kibeta, nyumba inajulikana. Nikasoma namba ya simu yangu mwenyewe, si ya ofisi. Nikasema ni mimi.

Mtendaji akaandika yote kwenye muhtasari. Ushoroba umekubaliwa, kwa sharti hilo.

Tulitoka na manyunyu. Lile rundo la mbele ya ofisi lilikuwa limekaa mvuani siku zote hizo na halijafa, mulamula haufi kirahisi. Tukalibeba lile lile. Kona ya kwanza ilikuwa ya Ma Kokugonza, nami nikaenda moja kwa moja kwenye tundu langu la awali. Yeye akapita, akaenda hatua kumi na mbili zaidi ndani ya ukanda, akasimama kwenye majani.

"Kahawa ya Ta Rwegasira iliishia hapa," akasema.

Nikatoa ramani kwenye nailoni nikaitazama, na hapo nikaelewa kitu kilichonitoa jasho kwenye mvua. Mstari wangu ulionyooka kama rula nilikuwa nimeuchukua kwenye vipimo vya zamani vya kampuni. Ndivyo vilivyokuwepo, nikavitumia. Nilikuwa nimepanda milamula juu ya alama zao nyeupe, kumalizia kazi yao kwa mikono yangu.

Sikubisha. Niliinama nikashika shina upande wa msitu, Ma Kokugonza akafukia upande wake, Bagenda na mwenyekiti wakasimama kushuhudia. Mama huyo akakanyaga udongo kwa kisigino mara tatu, akaniambia sasa achia. Tulipomaliza kona yake aliingia ndani akarudi na kile kikapu cha mwani, akanipa mimi kwanza. Nilitafuna huku natazama pembeni, maana nilikuwa karibu kulia na sikutaka watani wangu wapate la kuongeza.

Ukanda hapo umebaki hatua thelathini na nane. Niliona mpango wangu unabanwa. Lakini tulipofika upande wa Bagenda alitembea mpaka wake kimya, akarudi nyuma, akarudi tena, akasimama kwenye mawe ndani ya shamba lake mwenyewe.

"Weka hapa," akasema. "Hapo mbele hata maharage yanakataa."

Hakuniangalia wakati anafukia. Mkono wenye vidole vinne ulikuwa unafanya kazi haraka kuliko wangu wenye vitano.

Kwa siku moja, na vibarua wawili, nilikuwa nimepanda kingo zote. Jana, na kijiji kizima, tulipanda kumi na mmoja. Kila mmoja ulihitaji jirani wake, na kila jirani ana historia, na kila historia ina bibi aliyehama na ng'ombe aliyepotea. Iliyobaki itachukua Jumamosi kadhaa. Nimeshazitia zote alama kwenye kalenda.

Kwa hiyo leo sikwenda kanisani kwa sababu nachora ramani upya. Ina kona nyingi. Imejikunja kusini, imetoka kidogo kaskazini, na nimeandika pembeni majina ya walioshika na waliofukia. Bosi ataniuliza mbona haijanyooka na nitamwambia imenyooka kuliko ile ya kwanza. Kesho saa nne asubuhi itakuwa kwake. Picha yangu ya majivuno siifuti. Nimeongeza chini yake mstari mmoja unaoelekeza huku.

Kuhusu Dodoma sijui. Nimeiandika hapa huku najisomea kwa sauti, maana yake sasa na baba anajua, yuko sebuleni anajifanya anasikiliza redio.

Nilikuwa nimefika hapo, nataka kumalizia, simu ikaita. Namba nisiyoijua. Nikapokea, na sauti haikujitambulisha wala haikuwa na haja.

"Jirani," akasema Bagenda. "Watu wako wako kwenye maharage yangu. Watatu, na mmoja ana mtoto kifuani. Mbwa nimewafunga. Njoo uone wanavyonifanyia."

Nikamwambia mvua inanyesha, niko Kibeta, itanichukua muda.

"Najua uko Kibeta, ulituambia jana," akasema. "Nakusubiri."

Baba ameshanyanyuka, goti limepona, ananitafutia koti la mvua. Hili nalichapisha hivi hivi bila kulisahihisha. Sijui nitamwambia nini kuhusu maharage, wala jirani wa mbega hulipa kwa kitu gani. Ila amewafunga mbwa kwanza, ndipo akapiga simu.

Nakwenda.